Muvi kubadilisha hadithi sio kosa

Juzi dogo mmoja hapa Kirumba kanionyesha insha yake ya kulinganisha hadithi na muvi, kurasa mbili kaorodhesha tu vitu ambavyo muvi "imeviacha" halafu kamalizia muvi mbovu. Jamani huko sio kulinganisha, huko ni kuhesabu stoku dukani.

Chukua The Birds, hadithi fupi ya Daphne du Maurier ya 1952 kuhusu ndege wanaoshambulia watu, iko pwani ya Uingereza, mhusika ni Nat, kibarua wa shambani, alafu 1963 Hitchcock, mwongozaji wa muvi, akaihamishia California akamweka binti tajiri wa mjini. Swali sio Nat kaenda wapi, swali ni hiyo badiliko inafanya nini. Angalia mwisho: kwenye hadithi Nat anavuta sigara yake ya mwisho, anatupa pakiti tupu motoni anaiangalia inaungua, redio ilishanyamaza kitambo, kwenye muvi wanapanda gari wanaondoka pole pole ndege wamejaa kila kona. Woga uleule, ila mmoja umefungiwa ndani mwingine uko nje peupe. Hapo ndo pa kuandikia aya nzima.

(Mi tangu niione hiyo muvi, wale korongo wa soko la samaki la Mwaloni wanaosubiri mapanki, yale mabaki ya sangara, siwaamini tena.)