Je, wajua kwa nini rojo la asali na siki hupakwa mboga zikikaribia kuiva?

Umekata bilinganya, hoho na vitunguu, ukachanganya asali na siki, ukapaka kote kwa mkono mkunjufu, kisha ukavipanga juu ya makaa. Dakika chache baadaye nje pameshakuwa peusi, lakini ukiuma, ndani ni pabichi. Yamenikuta zaidi ya mara moja, na kila mara niliyalaumu makaa bure.

Chanzo ni maji. Zukini, boga changa lenye umbo kama la tango, ni maji kwa takriban asilimia 95. Bilinganya na hoho haziko mbali. Maji huchemka kwenye nyuzi joto 100 za Selsiasi, na mradi uso wa mboga umelowa, joto lake halipandi sana kupita hapo, hata kama wavu una nyuzi 250. Nguvu yote ya moto inakwenda kuyageuza maji kuwa mvuke. Ndiyo maana mboga hufuka na kuchirizika kwanza, na rangi ya kahawia huja baadaye, uso ukishakauka na kufika kama nyuzi 140. Kwa vipande vinene, safari hiyo huchukua dakika kumi hivi.

Asali haina subira hiyo. Karibu asilimia 80 yake ni sukari, na sehemu kubwa ni fruktosi, yaani sukari ya matunda, ambayo huanza kugeuka karameli kwenye nyuzi 110 hivi, wakati sukari ya kawaida husubiri hadi nyuzi 160 au zaidi. Utando mwembamba wa asali unaogusa chuma cha moto hukauka upesi, ukapita utamu, ukapita kahawia, ukaishia uchungu. Na matone yanayodondokea makaa huungua na kurudisha juu moshi mkali.

Siki nayo ina vituko vyake. Seli za mboga zimeshikanishwa kwa pektini, aina ya gundi inayolegea kwa joto. Asidi huifanya gundi hiyo ing'ang'anie. Ndiyo sababu maharagwe yakitiwa nyanya mapema hukawia kulainika. Ukipaka siki mwanzoni, unazikawiza mboga ambazo tayari asali inazikimbiza. Isitoshe, asidi ya siki ni ya kuruka hewani: kile kinachokuchoma puani sufuria ikichemka ni uchachu unaoondoka. Asidi ya limau hairuki, ila harufu yake nzuri huruka, kwa hiyo mimi hulikamua mwisho kabisa.

Basi anza na mafuta kidogo na chumvi. Mafuta huziba mianya kati ya chuma na uso wa mboga usio sawa, joto likapenya vizuri. (Bilinganya huyanywa kama sifongo, usishangae.) Rojo lichemshe pembeni hadi lishike mgongo wa kijiko, maana likiwa jepesi litateleza na kuongeza maji yale yale uliyohangaika kuyakausha. Mboga zikishalainika na kupata mistari ya wavu, paka, geuza mara moja, dakika mbili zinatosha. Bakiza kidogo la kupaka zikiwa sahanini.

Nyanya peke yake ndiyo hainisikii. Ikilainika humwaga maji na rojo lote linaporomoka nayo, kwa hiyo ya kwake naipakia sahanini tu.