Mwaka mpya ni siku ngapi?

Muulize mtu wa Ngamiani, Tanga, mwaka mpya unaanza lini. Atakujibu Januari mosi, na atashangaa kwa nini umeuliza. Lakini mji huohuo una miaka mipya minne, kwa uchache. Huo wa Januari una mkesha kanisani, fataki na pilau, kisha umekwisha. Wa Hijria, Muharram mosi, hupita kimya. Familia zenye asili ya Gujarati hufungua wao siku inayofuata Diwali, ndani ya sherehe za siku tano. Halafu upo wa wavuvi, Nairuzi, na huo ndio wenye mambo.

Mwaka mpya ni pale hesabu ya siku inapofungwa na kuanza upya. Kila jamii ina hesabu yake, na mara nyingi ukijua inavyofungwa utajua pia kwa nini sherehe huchukua siku kadhaa.

Mvuvi wa pwani hakuweza kufuata upepo kwa Hijria. Mwaka wake una siku 354 au 355, hivyo Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, na kaskazi wala kusi hazirudi nayo. Ndipo ikashikwa hesabu ya miongo, mafungu ya siku kumikumi tangu Nairuzi. Miongo 36 ni siku 360. Zinabaki tano zisizo na mwongo, halafu unahesabu upya. Na kwa kuwa hesabu hii haina siku ya mwaka mrefu, Nairuzi husogea nyuma siku moja kila miaka minne, karibu mwezi mzima katika miaka 120.

Siku hizi huangukia Julai. Makunduchi, Unguja, huiita Mwaka Kogwa na husherehekea siku nne. Wanaume hutandikana kwa mashina ya migomba, na mwenye kinyongo hukimaliza hapohapo uwanjani. Kinamama wamevaa kanga mpya wanaimba, na kibanda cha makuti kinawashwa moto na mtu yumo ndani, akichomoka mbio huku watu wakishangilia. Mombasa ng'ombe huchinjwa kwenye kaburi la Shehe Mvita. Kwetu Tanga, naona Nairuzi imebaki zaidi midomoni mwa wazee wa bahari kuliko kwenye ngoma, na ni hasara.

Waethiopia nao wana siku za ziada kama zetu: miezi 12 ya siku 30, kisha mwezi wa 13, Pagume, wenye siku tano au sita, ndipo huja Enkutatash, Septemba 11 kwa kawaida. Wairani husherehekea Nowruz siku 13 kuanzia Machi 20 au 21, na siku ya mwisho hakuna anayebaki nyumbani, wote huenda kula nje. Wachina huanza mwezi ukiandama na kumaliza siku ya 15, siku ya taa, mwezi ukiwa mpevu. Thailand humwagiana maji Aprili 13 hadi 15. Mtu wa pwani aliyewahi kuoga mwaka baharini atawaelewa upesi.

Hata hiyo Januari mosi, fupi kuliko zote, wapo walioirefusha: Uskoti tarehe 2 nayo ni sikukuu, na Japani ofisi nyingi hazifunguliwi mpaka tarehe 3 ipite.