Kupandikiza hitilafu si kubofya ovyo

Ripoti za majaribio ya Android huandika "tumepandikiza hitilafu", kumbe kilichofanyika ni kuendesha monkey, zana ya Android inayobofya skrini kwa nasibu, kwa matukio 500 na kungoja programu ijifunge. Kupandikiza hitilafu ni kuingiza kasoro kwa makusudi katika mfumo endeshi unaofanya kazi, mahali unapopajua, ili uone kama mfumo utaistahimili.

Maneno yenyewe yanasaidia. Hitilafu limetoka Kiarabu, lenye maana ya tofauti. Ndiyo maana watu huhitilafiana bila yeyote kuharibika. Katika mfumo, hitilafu ni sehemu iliyotofautiana na ilivyopaswa kuwa. Kosa linatokana na kukosa: mfumo umekosa shabaha, thamani iliyomo kwenye kumbukumbu siyo iliyotakiwa. Kushindwa ndiko anakokuona mtumiaji, simu inapojizima na kujiwasha. Hitilafu inaweza kulala miezi bila kuzaa kosa, na kosa likadakwa kabla halijamfikia mtu. Kinachopandikizwa ni hitilafu tu. Anayesema amepandikiza kushindwa ameruka safari nzima inayopimwa.

Tazama failslab, sehemu ya kerneli ya Linux, kiini cha mfumo endeshi wa Android, inayokataa maombi ya kumbukumbu. Simu ya kawaida huja bila hiyo. Kerneli hujengwa upya ikiwa na CONFIG_FAULT_INJECTION, CONFIG_FAILSLAB na CONFIG_FAULT_INJECTION_DEBUG_FS. Unaweka probability 10, yaani asilimia 10, na times -1, bila kikomo. Kisha task-filter iwe Y, na uandike 1 kwenye faili la make-it-fail la mchakato unaoulenga. Ukisahau task-filter, hitilafu inamwagikia kila mchakato, hata adb, zana ya kuiamuru simu kutoka kwenye kompyuta, inaweza kukatika, na hutajua kilichoiangusha simu.

Kiendeshi kizuri, yaani programu ya kusimamia kifaa, kikinyimwa kumbukumbu hurudisha ENOMEM, alama ya kukosa kumbukumbu, na kuachia kilichokwisha kushika. Kibovu hulitumia jibu tupu kama anwani, na kerneli inaanguka papo hapo. Hilo ni rahisi kulikamata. Gumu ni kufuli, linalozuia wengine kugusa data inayotumika, lisiloachiwa kwenye njia ya kurudi: simu inaganda baadaye, mahali pengine kabisa.

Monkey haigusi lolote kati ya hayo. Inatuma miguso nasibu kwa mfumo ambao hakuna aliyeuharibu, na ni kazi yenye faida yake. Basi iitwe jaribio la matukio nasibu, na ripoti itaje namba ya kuanzishia unasibu iliyowekwa kwenye chaguo la -s, ili mwingine aweze kuurudia mfuatano uleule.