Jibini Juu ya Samaki: Maswali na Majibu kuhusu Afya

Katika migahawa ya Malindi na Watamu, ambako Waitaliano wengi wameweka makazi, mteja anayeomba jibini juu ya tambi za kamba anaweza kutazamwa kwa mshangao, ilhali pale Forodhani, Unguja, muuza pizza ya Kizanzibari hutia jibini kwenye kamba au pweza bila mtu yeyote kushtuka. Katikati yao yupo mlaji aliyeonywa kwamba mchanganyiko huo unadhuru, na anataka kujua iwapo onyo hilo lina msingi wa kitabibu.

Je, jibini na samaki vikikutana tumboni hugeuka kuwa sumu?

Hapana. Asidi ya tumbo pamoja na kimeng'enya kiitwacho pepsini huanza kuvunja protini za vyakula vyote viwili, vimeng'enya vya kongosho huendeleza kazi hiyo katika utumbo mwembamba, na kinachoingia kwenye damu mwishoni ni amino asidi, ziwe zimetoka kwa changu au kwa maziwa ya ng'ombe. Mkutano huo hauzai kemikali mpya ya hatari. Kinachoweza kumsumbua mlaji ni mafuta, kwa kuwa mafuta mengi huchelewesha chakula kutoka tumboni, na kwa sababu hiyo mtu mwenye kiungulia akila kamba walioogeshwa siagi, krimu na jibini usiku, kisha akalala papo hapo, atateseka, kama ambavyo angeteseka kwa sahani kubwa ya chipsi.

Mbona basi tunaambiwa kwamba samaki akiliwa pamoja na maziwa huleta mbalanga?

Imani hii imeenea sana India, Pakistan na katika nchi za Kiarabu, nayo ina mizizi mirefu. Charaka Samhita, kitabu cha kale cha Ayurveda, tiba ya jadi ya India, kinawataja samaki na maziwa miongoni mwa vyakula visivyopatana, kwa hoja kwamba maziwa yana asili ya ubaridi na samaki ana asili ya joto. Waganga waliofuata elimu ya Kigiriki na Kiarabu nao walihimiza tahadhari ya namna hiyo, na Ibn al-Qayyim wa Damascus, aliyefariki mwaka 1350, aliandika kwamba Mtume hakuwa akikusanya maziwa na samaki katika mlo mmoja. Hata hivyo, katika tiba hiyo ya Kigiriki na Kiarabu samaki alihesabiwa kuwa baridi na mwenye unyevu, si mwenye joto. Mila mbili zilifikia katazo lile lile kwa kumpa samaki tabia zinazopingana, jambo ambalo kwa maoni yangu linatosha kumfanya msomaji aulize ni kipi kilichotangulia, katazo au sababu yake. Ikumbukwe pia kwamba hilo lilikuwa shauri la kitabibu la zama zile. Samaki ni halali na maziwa ni halali.

Mbalanga hutokea pale kinga ya mwili inapozishambulia na kuziua seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Ugonjwa huu huwapata takriban asilimia 0.5 hadi 2 ya watu duniani, hauambukizi, na urithi wa kifamilia huchangia. Watu wa New England, Marekani, wamekuwa wakila supu ya chaza na maziwa kwa vizazi vingi, na watu wa Skandinavia hupika samaki kwa krimu, wala hawakupata mbalanga kwa sababu ya milo hiyo. Mwenye mabaka meupe anapaswa kumwona daktari wa ngozi mapema, kwa kuwa zipo dawa za kupaka na tiba ya mwanga. Kumnyima samaki au maziwa hakumsaidii kitu.

Waitaliano wanaokataa jibini juu ya samaki, je, wanakataa kwa ajili ya afya?

Wanakataa kwa ajili ya ladha, wakihofia kwamba jibini kali litafunika ladha nyepesi ya samaki. Ubishi wenyewe ni wa kale. Katika karne ya 4 kabla ya Kristo, mshairi Archestratus wa Gela, huko Sicily, aliwaonya wasomaji wake wasimruhusu mtu wa Siracusa kukaribia samaki wao, maana wapishi wa huko huwaharibu kwa kuwajaza jibini. Onyo hilo lenyewe linathibitisha kwamba wapo waliokuwa wakifanya hivyo. Italia ya leo nayo haina kauli moja: Bari wanajivunia sahani ya wali, viazi na kome inayonyunyiziwa jibini la pecorino, na Liguria hujaza dagaa kwa mchanganyiko wenye jibini la Parmigiano. Ugiriki hupika kamba kwa nyanya na feta, na Chile huoka aina ya chaza kwa jibini. Tabibu hana la kuongeza katika mjadala huo.

Nilikula tambi za jodari zenye jibini, na baada ya nusu saa uso ukawaka, kichwa kikauma na moyo ukaenda mbio. Je, si mchanganyiko huo?

Dalili hizo zinaelekeza kwanza kwa jodari. Jodari, vibua, nguru na dagaa wa baharini wana kiasi kikubwa cha amino asidi iitwayo histidini, na samaki akikaa kwenye joto baada ya kuvuliwa, bakteria huigeuza histidini kuwa histamini, kemikali ile ile ambayo mwili huitoa wakati wa mzio. Mlaji huwa mwekundu au huhisi joto usoni na shingoni, huumwa kichwa, moyo humdunda, ngozi humwasha, na wengine huharisha. Dalili huanza ndani ya dakika chache hadi saa moja au zaidi kidogo, na kwa kawaida hutulia ndani ya siku hiyo, ingawa mtu mwenye ugonjwa wa moyo au pumu anahitaji kufikishwa hospitali.

Jambo ambalo wapishi wengi hawalijui ni kwamba histamini ikishaingia kwenye nyama ya samaki haiondoki. Kupika hakuiondoi, kugandisha hakuiondoi, hata kiwanda cha kutia samaki kwenye kopo hakiwezi kuiondoa, na samaki mwenyewe anaweza kuonekana mzuri na asitoe harufu mbaya, ila pengine huacha mwasho kama wa pilipili ulimini. Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya vyakula, kimeweka kikomo cha usalama cha miligramu 200 za histamini kwa kilo moja ya samaki. Kinga pekee ni barafu kuanzia chomboni baharini hadi jikoni, samaki akae kwenye nyuzi joto zisizozidi 4 za Selsiasi. Jodari aliyelala juu ya meza ya soko tangu asubuhi hadi alasiri bila barafu asinunuliwe, hata akiuzwa kwa bei ya kutupwa.

Jibini lililokomazwa kwa miezi mingi nalo lina histamini, kwa hiyo linaweza kuongeza kidogo mzigo huo, lakini mara nyingi hubebeshwa lawama isiyo yake.

Ninatumia dawa za kifua kikuu. Je, hilo linabadilisha jibu?

Linalibadilisha, na hapa ndipo mahali ambapo kuweka vyakula hivi viwili katika sahani moja kuna maana halisi ya kitabibu. Isoniazidi, ambayo ni mojawapo ya dawa kuu za kutibu kifua kikuu na pia hutolewa kama kinga, hasa kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, hudhoofisha vimeng'enya viwili mwilini. Kimoja huvunja histamini inayoingia na chakula. Kingine huvunja tiramini, kemikali iliyomo katika jibini lililokomaa, ambayo ikizidi hubana mishipa na kupandisha shinikizo la damu. Mtu asiyetumia dawa hii huvunja kiasi cha wastani cha kemikali hizo bila hata kujua. Anayeitumia anaweza kuzidiwa na kiasi kile kile, akapata joto la ghafla usoni, maumivu ya kichwa, jasho, mapigo ya moyo ya kasi au kuwashwa. Samaki aina ya jodari humletea histamini na jibini kavu la zamani humletea tiramini pamoja na histamini zaidi, hivyo sahani yenye vyote viwili humwekea mizigo miwili kwa wakati mmoja.

Hali hii haimpati kila mgonjwa, wala haimaanishi kwamba mgonjwa wa kifua kikuu aache samaki, kwani anahitaji protini ili mwili wake ujengeke upya. Anachohitaji ni kuchagua. Changu, tasi, chewa na sato wapya, pamoja na jibini bichi lisilokomazwa kama mozzarella au paneer, havina kemikali hizi kwa wingi. Jodari, vibua, samaki wa makopo wa jamii hiyo na jibini kali lililokomazwa vinaweza kusubiri hadi dozi iishe: miezi 6 katika tiba ya kawaida, au dozi 12 za mara moja kwa wiki katika mpango mmoja wa kinga unaounganisha isoniazidi na rifapentini.

Kosa kubwa zaidi ambalo mgonjwa anaweza kulifanya ni kudhani kwamba dawa imemkataa na kuiacha. Akipata dalili hizo baada ya kula, aende kituo cha afya, ataje alichokula na saa aliyokula, na aendelee na dozi isipokuwa daktari amwambie vinginevyo. Anayeona macho yakigeuka manjano au mkojo ukawa wa rangi ya chai nzito arudi kituoni siku hiyo hiyo, kwa kuwa hilo ni suala la ini, si la chakula.

Kuna dawa nyingine za kuangaliwa?

Zipo dawa za zamani za sonona zinazozuia kimeng'enya hicho cha kuvunja tiramini, na kwa nguvu kubwa kuliko isoniazidi. Mwaka 1963 daktari Barry Blackwell, akiwa London, alieleza jinsi wagonjwa waliokuwa wakizitumia walivyopandwa na shinikizo la damu kwa ghafla baada ya kula jibini. Leo dawa hizo hutolewa kwa nadra, na anayezipewa huelekezwa kuhusu chakula.

Nitajuaje kama nina mzio, na ni wa chakula kipi?

Mzio wa kamba, kaa na jamii yao husababishwa hasa na protini iitwayo tropomiosini, ambayo haiharibiwi na moto, na ambayo, kwa jambo la kushangaza kidogo, inafanana na ile ya mende na utitiri wa vumbi, yaani vijidudu vidogo mno vya vumbi la nyumbani. Mzio wa samaki wenye mapezi hutokana na protini nyingine, na mzio wa maziwa nyingine tena. Hivyo mtu aliyevimba midomo baada ya kula pizza ya kamba asiseme kwamba ana mzio wa mchanganyiko. Ana mzio wa kitu kimojawapo, na kipimo hospitalini kinaweza kukitambua. Akianza kukosa pumzi au kuzimia, hiyo ni dharura inayohitaji sindano ya adrenalini.

Kujaa gesi na kuharisha baada ya maziwa ni jambo tofauti, ni kushindwa kuvunja sukari ya maziwa, hali ambayo watu wazima wengi wa Afrika wanayo. Jibini gumu lililokomaa lina sukari hiyo kidogo mno.

Mjamzito anaruhusiwa?

Anaruhusiwa, akizingatia ubora wa kila kimoja. Jibini liwe la maziwa yaliyochemshwa au kupasteurishwa, kwa sababu maziwa mabichi yanaweza kubeba brusela na listeria, na listeria inaweza kusababisha mimba kuharibika. Bakteria huyo huendelea kuzaliana hata ndani ya jokofu, kwa hiyo samaki aliyefukizwa moshi baridi na jibini laini la maziwa mabichi viachwe hadi baada ya kujifungua. Papa, nduaro na nguru mkubwa hukusanya zebaki, inayodhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni, nao waepukwe. Dagaa na samaki wadogo wana zebaki kidogo.

Je, na mwenye shinikizo la damu au jongo?

Kwa shinikizo la damu, tatizo ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, na gramu 100 za feta pekee zinaweza kuwa na zaidi ya gramu 2. Mpishi anayetia jibini juu ya ng'onda au samaki wa kopo asiongeze chumvi nyingine. Kwa jongo, ambalo wengi huliita gauti, ni kome, dagaa na kamba wanaopandisha asidi ya yuriki. Jibini halina kosa hapo.

Nikipika mwenyewe, nizingatie nini?

Jibini huyeyuka na kupata rangi ya dhahabu haraka kuliko samaki anavyoiva ndani, na mpishi hudanganyika kwa urahisi na uso huo mzuri wa sahani. Chaza na kome wapikwe kwanza hadi magamba yafunguke yenyewe, yasiyofunguka yatupwe, ndipo jibini litiwe na sahani irudi kwenye oveni kwa dakika chache. Samaki awe amefikia nyuzi joto 63 katikati ya nyama, ambapo nyama huacha kung'aa na huachana kwa uma. Masalio yaingie kwenye jokofu ndani ya saa mbili. Kwa joto la mwambao, ni vyema yawahi zaidi.