Acheni Kuifunika Tafsiri: Dhana Potofu Kuhusu Hadithi za Lugha Mbili

“Mwalimu, mimi nataka kufikiri moja kwa moja kwa lugha mpya, kwa hiyo upande wa tafsiri siuangalii.” Nafundisha lugha kwa vitabu vya hadithi vyenye lugha mpya upande mmoja na tafsiri upande wa pili, na kila darasa jipya lina mtu wa kuniambia hivi, tena kwa fahari, kama aliyekataa rushwa. Wengine hubandika karatasi juu ya kurasa za lugha wanayoijua. Nimechoka kueleza mmoja mmoja.

Dhana: Tafsiri inaufanya ubongo mvivu, na lugha mama inaizuia lugha mpya kuingia

Lugha mama haizimiki. Hata kwa mtu aliyezibobea lugha mbili, neno la lugha moja huamsha kichwani mwake maneno ya ile nyingine bila yeye kujua. Sembuse wewe uliyeanza mwezi jana! Usipoitazama tafsiri ya kitabuni, ubongo utajitungia yake kimyakimya, na mara nyingi itakuwa mbovu. Kosa hilo utalirudia hadi likae, kisha kazi ya kuling'oa iwe yangu.

Mwaka 1994, watafiti Judith Kroll na Erika Stewart walieleza kwamba mwanzoni neno jipya huifikia maana kwa kupitia neno la lugha mama, na kwamba kadiri mtu anavyozidi kuimudu lugha, neno huanza kuifikia maana lenyewe. Huko kufikiri moja kwa moja mnakokutaka kunakuja kwa kulikuta neno mara nyingi huku unaelewa kinachosemwa.

Na kuelewa kuna masharti yake. Utafiti wa Hu na Paul Nation wa mwaka 2000 ulionesha kuwa msomaji anahitaji kujua takriban asilimia 98 ya maneno ya hadithi ili aielewe vizuri bila msaada, yaani neno geni moja tu katika kila maneno 50. Anayeanza hukuta matatu au manne katika sentensi moja. Huyo hasomi, anabahatisha. Tafsiri iliyo pembeni inaziba pengo hilo, na hadithi yenyewe inampa pa kulishikiza neno: nani kafanya nini, kwa nini, na nini kinakuja.

Ila tafsiri ina namna ya kutumiwa, na hapa huwa sisikilizi ubishi. Jicho hukimbilia lugha nyepesi. Mwanasaikolojia Géry d'Ydewalle wa Ubelgiji aligundua kwamba watazamaji huyasoma maandishi ya chini ya filamu karibu bila kukusudia, hata wanapoielewa lugha inayozungumzwa. Kwa hiyo usisome mstari huu na ule kwa kurukaruka. Soma aya nzima kwa lugha unayoijua. Soma aya hiyohiyo kwa lugha mpya. Kisha funga kitabu, uisimulie kwa sauti kwa lugha mpya, hata kwa kugugumia. Hatua hii ya mwisho ndiyo kila mtu anairuka, na ndiyo yenye faida kubwa. Mwaka 2006 watafiti wa kumbukumbu Roediger na Karpicke walionesha kwamba baada ya wiki moja, waliojipima kwa kukumbuka walichosoma walibaki na mengi zaidi kuliko waliokisoma tena na tena.

Dhana: Hadithi ikishasomwa mara moja, imekwisha

Tangu mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alipochapisha majaribio yake ya kumbukumbu mwaka 1885, tunajua kwamba tunasahau kwa kasi zaidi mwanzoni. Irudie kesho, kisha baada ya siku chache. Afadhali hadithi moja mara tatu kuliko tatu mpya mara mojamoja. Na katikati ulale: hipokampasi, sehemu ndogo ndani ya ubongo, hudaka maneno mapya haraka, na usingizi husaidia kuyakita kwenye gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje.

Dhana: Basi nitawasha sauti ya hadithi nikiwa nimelala

Hapana. Usingizi unaimarisha ulichojifunza ukiwa macho, haukufundishi sarufi. Zima hiyo simu.

Dhana: Umri wangu umepita

Utafiti mkubwa wa mwaka 2018 wa Hartshorne, Tenenbaum na Pinker, uliohusisha watu wapatao 670,000, ulikadiria kwamba uwezo wa kujifunza sarufi huanza kushuka karibu na miaka 17. Kushuka, si kufa. Huenda usipate lafudhi ya mzawa, lakini kusoma na kuzungumza kunawezekana, na mtu mzima ana jambo ambalo mtoto hana: anaijua dunia inayosimuliwa kwenye hadithi. Wenye kisingizio hiki, ninavyowaona, wengi hawajamaliza hata kitabu kimoja.

Dhana: Lugha mbili zitamchanganya mtoto

Mtoto anayechanganya maneno ya lugha mbili katika sentensi moja anatumia yote aliyo nayo, na hata watu wazima wenye lugha mbili hufanya hivyo. Ukitaka kuupima msamiati wake, hesabu maneno ya lugha zote mbili kwa pamoja. Msomee hadithi ileile leo kwa lugha moja, kesho kwa nyingine, na akitaka kuisikia kwa mara ya kumi, msomee.