Je, wajua? Kwa nini mji wa Kelmis ulikaa miaka 100 bila nchi

Kilima cha Vaalserberg kina mita 322 tu kutoka usawa wa bahari. Kileleni mwake ndipo zinapokutana Uholanzi, Ubelgiji na Ujerumani. Barabara ya kupandia kwa upande wa Uholanzi, hata hivyo, inaitwa Viergrenzenweg, yaani njia ya mipaka minne. Mpaka wa nne ulikuwa wa pembetatu ya ardhi yenye ukubwa wa kilomita za mraba 3.5 hivi, ambayo ncha yake ilianzia hapo kileleni ikashuka kusini hadi Kelmis. Kuanzia mwaka 1816 hadi Vita vya Kwanza vya Dunia, pembetatu hiyo haikuwa ya nchi yoyote. Iliitwa Moresnet ya Kati, na Kelmis ndiyo ilikuwa kijiji chake.

Chanzo chake ni jiwe. Kelmis ilikaa juu ya mawe yenye zinki, na tangu Zama za Kati mafundi waliyachoma pamoja na shaba nyekundu kupata shaba ya njano. Kuitoa zinki yenyewe peke yake, hiyo ilikuwa kazi nyingine. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907 hivi, na joto la kuitenganisha na jiwe ni kubwa kuliko hilo. Basi badala ya kutiririka chini ya tanuri kama madini ya risasi, hutoka ikiwa mvuke, ikagusa hewa na kugeuka unga mweupe. Jean-Jacques Dony wa Liège, aliyepewa na Napoleon, mtawala wa Ufaransa wakati huo, haki ya kuchimba mgodi wa Kelmis, ndiye aliyepata tanuri la kuunasa mvuke huo, akapewa hataza mwaka 1810. Alimzawadia Napoleon beseni la kuogea la zinki. Zawadi haikumsaidia sana: alikufa mwaka 1819 akiwa amefilisika, na waliokuja baada yake ndio walioneemeka. Mapaa mengi ya Paris yakaezekwa kwa zinki, na hata mabati yetu ya Afrika Mashariki yamezoea kuwa chuma kilichopakwa zinki ili kisishikwe na kutu.

Kwa hiyo Napoleon alipoanguka na wakubwa wa Ulaya wakaketi Vienna mwaka 1815 kuigawa ramani upya, Kelmis haikuwa kijiji cha kupuuzwa. Mpaka kati ya ufalme wa Uholanzi na ufalme wa Prussia, dola ya Wajerumani ambayo baadaye ikawa sehemu ya Ujerumani, ulipita papo hapo, na maelezo yake kwenye karatasi yalikuwa ya namna ambayo kila upande uliyasoma kwa faida yake. Hakuna aliyekuwa tayari kumwachia mwenzake mgodi, wala hakuna aliyetaka kurudi vitani kwa ajili yake. Mwaka 1816 wakatia saini mkataba mjini Aachen. Wilaya ya Moresnet ikakatwa vipande vitatu: kimoja cha Uholanzi, kimoja cha Prussia, na cha katikati, chenye mgodi, kikawa chini ya wote wawili kwa muda tu, mpaka wakubaliane. Majeshi yakakatazwa kukaa humo.

Hawakukubaliana kamwe. Mwaka 1830 Wabelgiji waliasi dhidi ya Uholanzi, na hatimaye Ubelgiji ikarithi nafasi ya Uholanzi kwenye mzozo huo kama mtu anayerithi kesi ya shamba.

Wakazi walifaidi. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Kila serikali iliweka kamishna wake, na chini yao alikuwepo meya na askari polisi mmoja. Kodi ilikuwa ndogo mno. Bidhaa ziliingia kutoka pande zote bila ushuru wa forodha, na pombe kali iliyotengenezwa hapo ilitoka kwa magendo usiku. Vijana hawakulazimishwa kuingia jeshini, jambo lililovuta watu wengi, ingawa baadaye Ubelgiji na kisha Prussia zilianza kuwadai raia wao waliohamia humo. Msamaha ukabaki kwa wenyeji wa asili na vizazi vyao, wale walioitwa wa kati. Kijiji cha watu 256 mwaka 1816 kilikuwa na zaidi ya watu 2,500 kufikia mwaka 1858.

Lakini uhuru huo ulikuwa na ubovu wake. Kwa kuwa hapakuwa na bunge, hapakuwa na wa kubadilisha sheria, hivyo Kelmis ikaendelea na sheria za Napoleon miongo mingi baada ya Napoleon mwenyewe kuzikwa. Mahakama nayo haikuwepo. Mwenye kesi alilazimika kuipeleka Ubelgiji au Prussia. Na bwana halisi wa mji, ukiniuliza mimi, hakuwa kamishna yeyote bali kampuni ya mgodi, Vieille Montagne, iliyoanzishwa mwaka 1837: ndiyo iliyotoa ajira, na mkazi aliyegombana nayo hakuwa na serikali ya kumkimbilia.

Mgodi wa Kelmis ulikauka mwaka 1885. Hapo ndipo ungetarajia mzozo uishe, maana kilichogombewa kilikuwa kimekwisha. Haukuisha. Aliyeanza kuhangaika ni daktari wa mgodi, Wilhelm Molly. Mwaka 1886 alianzisha posta yenye stempu zake, serikali ya Ubelgiji ikaifunga mara moja. Mwaka 1903, Ubelgiji ilipokuwa imepiga marufuku kamari, watu wakajaribu kufungua kasino Kelmis. Prussia ikakasirika, kasino ikafa. Kisha mwaka 1908 Molly na wenzake walitaka kuifanya Kelmis nchi ya kwanza duniani ya wasemaji wa Kiesperanto, lugha iliyobuniwa ili watu wa mataifa mbalimbali waelewane, iitwayo Amikejo, mahali pa urafiki. Wimbo wa taifa ukatungwa kwa kufuata sauti ya wimbo wa Krismasi wa Kijerumani. Habari hii ndiyo hupendwa kusimuliwa siku hizi, ila nadhani inatiwa chumvi. Wachimbaji na wake zao waliendelea kusema Kijerumani chao cha nyumbani.

Mwaka 1914 Ujerumani iliivamia Ubelgiji, na mwaka uliofuata Prussia ikajitwalia pembetatu nzima. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, uleule ulioinyang'anya Ujerumani makoloni yake, Tanganyika ikiwemo, uliipa Ubelgiji Kelmis kwa kifungu cha 32. Kifungu kilichofuata kikaipa na kile kipande cha Prussia. Uhamisho ukaanza kazi Januari 1920. Ujerumani ilirudi mwaka 1940, ikatimuliwa mwaka 1944. Mzee aliyezaliwa humo mwaka 1900 angeweza kufa kwenye nyumba aliyozaliwa baada ya kuwa mtu wa kati, Mjerumani, Mbelgiji, Mjerumani tena, na Mbelgiji tena.

Wilaya ya zamani ya Moresnet haijaunganishwa mpaka leo. Ubelgiji ilipopanga upya wilaya zake mwaka 1977, Kelmis ilipewa kile kilichokuwa kipande cha Prussia na kubaki katika eneo la wasemaji wa Kijerumani, huku kijiji cha Moresnet kikipelekwa Plombières, wilaya ya wasemaji wa Kifaransa.