Kisasi cha mzimu kituo cha polisi: ni filamu za aina gani?

Ukivamiwa nyumbani usiku, unakimbilia polisi. Askari aliye zamu peke yake, akasikia nyayo ndani ya selo aliyoikagua mwenyewe na kuikuta tupu, akimbilie wapi? Aina hii ya filamu za kutisha imejengwa juu ya swali hilo.

Ni filamu ambamo marehemu, au kiumbe kingine kisicho cha kawaida, anakuja kulipiza kisasi, na mahali pa kulipizia ni kituo cha polisi. Lazima kuwe na deni. Mzuka unaomtisha kila apitaye njia hauingii hapa. Na kituo chenyewe kiwe kinahusika na deni hilo. Kama kisa kingeweza kuhamishiwa hotelini bila kupungukiwa kitu, basi ni filamu ya kutisha tu, iliyopata jengo la bei nafuu.

Marehemu mwenye kinyongo ni wa zamani kuliko sinema. Wajapani humwita onryō, na kisa mashuhuri ni cha Sugawara no Michizane, msomi na waziri aliyesingiziwa kosa, akaondolewa Kyoto mwaka 901 na kupelekwa Dazaifu, mbali kusini-magharibi, alikofia mwaka 903. Baadaye maadui zake wakaanza kufa. Mwaka 923 serikali ikamrudishia cheo akiwa kaburini, lakini mwaka 930 radi ikapiga jumba la mfalme na kuua maofisa, na watu wakasema ni Michizane, bado hajatosheka. Mwishowe alijengewa hekalu la Kitano, na hadi leo wanafunzi humwomba kabla ya mitihani. Tazama alichodhaniwa kukilenga: hakuhangaika na wapita njia, aliifuata ofisi iliyomhukumu. Mzimu wa kituoni hufanya vivyo hivyo. Ni mlalamikaji ambaye jalada lake lilifungwa kabla hajasikilizwa.

Mfano ulio wazi ni Let Us Prey ya mwaka 2014, ya mwongozaji Brian O'Malley. Katika mji mdogo wa Scotland, askari wa kike anaanza zamu yake ya kwanza, na mahabusu analetwa mgeni asiye na jina, anayejua dhambi ya siri ya kila aliyemo, wenye sare na wasio na sare. Maovu ya polisi wenyewe yanageuka kuwa mabaya kuliko ya waliofungiwa. Kwangu hili ndilo tawi lenye uzito zaidi, kwa sababu mgeni anafanya kazi ambayo kituo kilitakiwa kuifanya.

Tawi la pili linapindua mambo: waovu waliokufa wanalipiza kisasi kwa polisi. Last Shift ya Anthony DiBlasi, nayo ya 2014, inamweka askari mpya, Jessica Loren, kulinda usiku wa mwisho kituo kinachohamishwa. Baba yake, askari pia, aliuawa katika operesheni dhidi ya kundi la waabudu shetani, na viongozi wa kundi hilo walifia humo humo kituoni. Binti anadaiwa damu ambayo hakuimwaga yeye. DiBlasi aliirudia hadithi hiyo mwaka 2023 kwa jina la Malum, akimtwisha baba mzigo mzito zaidi.

Kituo kinachokaribia kufungwa hakikuanza na DiBlasi. John Carpenter alikitumia mwaka 1976 katika Assault on Precinct 13, ambako wavamizi ni genge la watu wenye miili. Faida ya kituo kama hicho ni kubwa: samani zimeondolewa, wenzako wamehama, simu zinapaswa kuita kwenye kituo kipya, kwa hiyo simu ikilia kaunta, tayari kuna kasoro. Na askari hawezi kuondoka, maana kuacha lindo ni kosa.

Silaha nazo hazimsaidii. Aliyekufa haogopi risasi, hivyo mzimu mjanja hashindani na bastola; huyachezea macho ya aliyeishika, amwone adui mahali aliposimama mtu wa kawaida. Nyingine mtajionea wenyewe, ila muitazame sana Last Shift kuanzia pale Jessica anapoamua kufyatua.